Chupa ya Chai na Baba Mkwe

Semina ilifanyika Iringa kwa siku tatu, na kila mwalimu aliyehudhuria alipewa daftari, kalamu na soda. Mada ilikuwa kutumia saikolojia katika maisha ya kila siku. Niliyashika mambo matatu. Mtazame mtu machoni, maana anayekwepa macho ana jambo. Usimwamuru mtu, mpe machaguo mawili. Na ukitaka tabia mpya ishike, ifunge kwenye tabia aliyonayo tayari. Nikarudi Mbeya nikiwa mtaalamu. Mume wangu alinivumilia mpaka nilipomuuliza kama angependa kutoa takataka kabla ya kuoga au baada ya kuoga. Akasema angependa kurudi Igawa, anakofanya kazi na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi.

Mwezi huohuo baba yake akaja kutoka Tukuyu. Presha ilikuwa imempanda, daktari akamwandikia vidonge vya kila siku na kumtaka arudi kupimwa baada ya mwezi. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili, mimi na mzee wa Kinyakyusa ambaye sikuwahi kukaa naye hata saa moja. Harusi yetu ilifanyika kwetu Iringa, na yeye alituma kaka yake amwakilishe. Nilidhani alikosa nauli.

Mimi ni Mhehe, na kwetu salamu haiishi kwa neno moja. Asubuhi ya kwanza nikapiga magoti, nikasema shikamoo baba, nikauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za migomba, kisha nikainua uso nikamtazama machoni kama daftari lilivyosema. Mzee akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakaa na kuku kwenye baridi mpaka mchana. Nikaandika: anakwepa macho, ana jambo. Kesho yake nikamfuata nje, nikamtazama zaidi. Akahamia nyuma ya choo.

Jirani yangu, mama wa Kinyakyusa anayeuza ndizi, alikuwa akiyaona haya yote.

"Mwalimu, mbona unamfukuza mkwe wako?"

Nikamwambia ninajenga ukaribu. Alicheka mpaka akatua beseni chini. Ndipo akanieleza kwamba kwao mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hapiti mbele yake.

"Hana jambo yule. Anakuheshimu tu. Sasa wewe unamtolea macho mtu mzima, aende wapi?"

Nikampigia mume wangu. Akasema alidhani mambo hayo yaliisha baba yake alipookoka. Niliona aibu ya kunitosha mwaka mzima.

Kuanzia hapo nikaishi nyuma ya pazia la korido. Naweka chakula na kidonge chake mezani, nakohoa, naondoka, naye anaingia. Tukapatana vizuri sana. Siku ya tano tangu aje, mzee akiwa kwa kuku, nikafagia sebule, nikainua mto wa kochi. Chini yake palikuwa na vidonge vitano vimepangwa mstari. Hakuwa amemeza hata kimoja.

Hapo niliogopa kweli. Kaka yake, yule aliyekuja harusini, alishakufa kwa kiharusi, na daktari alituambia waziwazi kwamba huyu naye akiacha dawa yatamkuta hayohayo. Nilimtuma jirani akazungumze naye. Mzee akaitikia kila neno kwa adabu. Kesho yake vidonge vikawa sita. Nikapiga simu Igawa.

"Mwambie ameze," mume wangu akasema.

"Nitamwambiaje na siruhusiwi kumwambia?"

"Si umesoma saikolojia?"

Nikafungua daftari. Mzee alikuwa na tabia moja isiyoyumba: kila mchana, kikombe cha chai mkononi, alisikiliza matangazo ya vifo redioni ajue nani katangulia. Nikaona hapo ndipo pa kufungia kidonge. Machaguo mawili ninayo. Habari ya macho niliiacha. Kilichobaki ni kupata mtu wa kuongea naye, na mezani palikuwa na chupa ya chai.

Kesho yake nikasimama nyuma ya pazia, nikapaza sauti.

"Chupa, naomba kuuliza. Hiki kidonge kimezwe kabla ya matangazo ya vifo, au baada?"

Redio ikaendelea na muziki wake. Nilijiona mjinga, mwanamke mwenye diploma anayesemezana na chupa. Kisha mzee akakohoa.

"Redio," akasema, "mwambie huyo chupa, ni baada. Kabla, mtu anaweza kumeza bure, kumbe ameshatangazwa."

Matangazo yakasomwa. Hakutajwa. Nikasikia glasi ya maji ikiinuliwa, kisha ikarudi mezani tupu. Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha, bila sauti, kwa sababu ya heshima.

Ikawa hivyo kila siku. Wiki ya pili aliiambia redio kwamba kaka yake alianza vidonge Jumatatu, na Ijumaa wakamzika, ndiyo maana yeye alivificha. Nikaiambia chupa kwamba kaka alianza amechelewa, na kwamba mimi mwenyewe naogopa. Siku ile kidonge kilimezwa kabla ya matangazo.

Mwezi ulipoisha daktari akapima, presha imeshuka. Mzee akarudi Tukuyu bila kuniaga, kama inavyotakiwa, nami nikamsindikiza kwa kusimama nyuma ya pazia.

Jumamosi mchana simu ya mume wangu ikaita, akaiweka sauti kubwa. Alikuwa baba yake.

"Leo pia hawakunitaja," mzee akasema. "Mwambie chupa nimemeza."

Mume wangu akaniuliza kwa macho, chupa gani tena. Sikuwa na nafasi ya kumweleza. Nikaichukua chupa ya chai mezani, nikasogea karibu na simu, nikaiambia chupa kwamba nimefurahi sana, na kwamba nyumba imepoa tangu aondoke.