Nyota tatu nilizozifundisha Usangu zilivyoandikishwa kuwa wakaidi wa kuhama

Wakuu, wakubwa wangu shikamooni, na wajukuu mliojaa humu marahaba. Hii ninayoileta haina chumvi. Aliyekuwepo Usangu miaka ya sabini, vijiji vipya vikipangwa na asiyehamia akiitwa mkaidi, anisahihishe nikikosea.

Mimi ni mtu wa Iringa, shule nimesoma Tosamaganga. Nilipomaliza nikapelekwa kufundisha elimu ya watu wazima kwenye kijiji kipya, si mbali na Chimala. Miaka ishirini na mbili, suruali bugaluu, najiona profesa kabisa.

Darasa lilikuwa banda la nyasi, tunaanza saa tisa alasiri. Wanafunzi wote wakubwa kwangu.

Kulikuwa na Mzee Masanja, mfugaji aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Kulikuwa na Mama Tulakela, mjane, mrefu kuliko wanaume wote pale. Huyu mama alichelewa kuhama kwao Madibira akimuuguza mama yake, alipofika akakuta orodha ya viwanja imefungwa. Akawa analala humo humo darasani na binti zake wawili wadogo. Kila akienda kwa Katibu wa kijiji jibu ni moja: "Subiri orodha mpya."

Miezi minne anasubiri.

Sasa siku moja Mzee Masanja akaniuliza, "Mwalimu, hizi nyota nazo zina jirani?"

Wakuu, hapo alinigusa. Nilikuwa nimesoma kwenye gazeti moja kuukuu la shuleni habari za nyota tatu zinazokaa pamoja, jirani na jua letu kwa hesabu za mbinguni. Nzee kuliko hata jua. Mojawapo ni kile wataalamu wanaita kibete mweupe, yaani nyota iliyokwisha kufa ikabaki kaa la moto, ndogo lakini nzito ajabu.

Nikaandika ubaoni somo la kusoma:

NYOTA
Jirani zetu watatu ni wakongwe kuliko jua. Wanaishi pamoja. Mkubwa anang'aa. Wa pili ni kibete mweupe. Wa tatu ni kibete mwekundu. Hawajahamia kwetu.

Wakasoma vizuri sana. Ikafika zamu ya hesabu, nafasi hakuna, nikafuta mstari wa juu.

Ule wa NYOTA.

Tulipotoka, Katibu Mwandambo akapita. Alikuwa mtu mwema ila mwoga wa wilaya kupita kiasi. Akasoma ubao, akanakili yote, akaituma karatasi kwa lori la mbolea lililokuwa linakwenda wilayani.

Asubuhi akaniita ofisini.

"Mwalimu, hawa wakaidi watatu umewaficha wapi?"

"Wakaidi gani?"

Akanisomea. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Katibu, hizo ni nyota."

"Wanakaa umbali gani?"

"Mwanga wenyewe unatumia miaka kumi na sita kufika hapa."

"Nimekuuliza kwa miguu!"

Nikamchorea jua, nikamchorea nyota. Alipoelewa, jasho likamtoka. Ripoti ilikuwa imeshaondoka, na imeandikwa kwamba yeye ndiye aliyewagundua.

Siku tatu baadaye majibu yakaja. Hongera kwa Katibu. Familia hiyo ijengewe nyumba mara moja, afisa atakuja baada ya wiki mbili kuihakiki. Aliyewaficha achukuliwe hatua.

Aliyewaficha ni nani? Ni mimi! Usingizi ulinikimbia. Nilishaanza kuwaza nitamwambia nini mama yangu Iringa, kwamba mwanao amefungwa kwa kuficha nyota.

Katibu akaamua bora tujenge. Kijiji kizima kikabeba miti na nyasi. Fundi akauliza huyo kibete ana kimo gani, ajue mlango. Nikamjibu kisayansi kwamba ni kama dunia hii. Akaniangalia, akaweka mlango wa kiunoni.

Afisa akafika na Land Rover, mchana kweupe. Watu wote uwanjani. Akafungua faili.

"Mkubwa Anang'aa!"

Katibu anaangalia viatu vyake.

"Mkubwa Anang'aa hayupo?"

"Nipo!"

Mama Tulakela huyo, anatoka nyuma na binti zake mkononi. Hakuna aliyemtuma, naapa.

Afisa akampandisha na kumshusha kwa macho. "Hapa imeandikwa wewe ni mkongwe kuliko jua."

"Maisha magumu, bwana mkubwa."

"Na huyu kibete mweupe?"

"Huyu mdogo. Alizaliwa mweupe, jua la Usangu ndilo limemfanya hivi."

"Mwekundu?"

"Huyu hapa. Ana homa."

Mzee Masanja akaanza kukohoa kwa nguvu, nikajua anaficha kicheko. Afisa akapiga alama tatu za vema kwenye faili.

"Nani alikuwa anawaficha?"

Mama akanigeukia.

"Hakuna aliyetuficha," akasema. "Tulikuwa tunalala darasani hapo. Kila mtu alikuwa anatuona."

Afisa akafunga faili, akamkabidhi nyumba mbele ya watu. Katibu akapiga makofi kuliko wote. Land Rover haijavuka mto, mama ameshachukua jembe anapanua mlango.

Mimi nilihamishiwa Mbeya mjini mwaka uliofuata, nikafundisha hadi kustaafu.

Nilichojifunza si cha kujisifia. Nyota zilipata nyumba kwa wiki mbili. Mama wa watu nilimkuta kila alasiri anakunja mkeka wake ili mimi nifundishe, na sikuwahi kwenda kwa Katibu kumsemea hata siku moja. Niliona habari za mbinguni ndizo elimu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaosema mzee anatunga, karibuni pia, ila kwanza waulizeni bibi zenu waliandikishwa kwa majina gani.