Asante ya Mama Mkubwa Ragnhild

Mama yangu mkubwa, Ragnhild Sjölander, tulimzika Jumanne hapa Härnösand, Uswidi, kando ya wazazi wake. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Sehemu inayofuata ya aya hiyo, ile ya kulibariki jina lake, bado sijaweza kuitamka.

Alikulia katika nyumba ya sala, ambako jukwaa lilihesabiwa dhambi. Babu, seremala aliyehubiri Jumapili, hakukanyaga ukumbi wa maigizo maisha yake yote. Lakini televisheni ilipoanza kumwonyesha bintiye kila Jumamosi akiwa Ester, mwenye duka mkali, babu alizima taa majirani wasione, akatazama hadi mwisho. Sokoni watu walimtania Ragnhild: "We Ester, siagi yako ghali mno!" Naye: "Basi kapake mafuta ya taa!"

Hakuolewa. Mama alipofariki, alinilea yeye.

Vuli iliyopita alipewa nafasi ya mwisho jukwaani kabla ya kustaafu, aigize bibi kizee anayerudi kwao. Aliitaka kuliko kitu chochote. Tuliyarudia maneno yake jikoni, kahawa ikipoa, nayo yakamponyoka.

"Uchovu tu, Barbro. Usiniangalie kama unapima jeneza."

Nilimwomba Mungu amwachie onyesho hilo moja.

Jioni ya ufunguzi wenzake walimzunguka nyuma ya pazia, kila mmoja akampiga teke dogo la makalio. Ndivyo waigizaji wetu wanavyotakiana heri, na anayepigwa hashukuru kamwe, asije akaita mkosi. Ragnhild ndiye aliyewafundisha wengi wao.

"Asanteni sana," akasema. "Mmekuja kutazama?"

Vicheko vikakatika. Mimi siamini mkosi, ila nilimshika mkono.

"Acha utani, bibie," akasema Torsten, mwongozaji wao.

"Utani gani, baba?"

Ikabidi Sigbritt, mwigizaji mwenzake, aingie jukwaani badala yake, karatasi mkononi. Sisi wawili tukakaa chumba cha kuvalia, yeye na gauni lake la bibi kizee. Mchezo ulitufikia kwa kipaza sauti cha ukutani. Sigbritt alipoanza, Ragnhild akaanza naye. Mara akamtangulia, neno kwa neno, hakukosa hata moja, machozi yakimshuka penye machozi ya yule bibi wa mchezo.

Mwishoni ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Wanampigia nani?" akaniuliza.

"Wewe, mama."

Akainuka, akayainamia taratibu makoti yaliyotundikwa ukutani, akasubiri wamalize.