Kafi Zilizofungiwa

Kiangazi kilichopita nilifika kwenye kivuko cha Luama, nikitoka Wamaza kwa pikipiki. Mitumbwi ilikuwa imelala kwenye mawe, kafi zimeachwa ndani, wenyewe wameenda kunywa chai. Nikashuka, nikasimama mbele ya kafi zile. Mwenye pikipiki akauliza, "Mama, iko nini?" Nikamuonyesha kafi kwa kidole.

Kwetu, rafiki yangu, kafi haikulala mutoni. Mutumbwi ulibaki inje, kafi ilirudi nyumbani na mwenyewe, ikapandishwa juu ya jiko, moshi uifukuzie wadudu. Baba alichagua muti yeye mwenyewe porini. Aliugonga kwa kidole, akaweka sikio. Usipolia vizuri, aliuacha. Kila mutu alikuwa na kafi yake, ya mutoto ilipimwa mpaka kwenye kidevu. Kazi yangu ilikuwa kutwanga utomvu, kuuchemsha ndani ya kopo, kisha kuziba nyufa za mutumbwi pamoja na nyuzi za mugomba. Harufu ile ilikaa vidoleni siku tatu, hata bukari, ugali wetu, ilikuwa na ladha yake. Koko, mama ya baba, alinicheka: "Wee, utaolewa na mutumbwi!"

Halafu vita. Kapita, musimamizi wa kijiji, huyo nitamutaja mpaka nife, alipita nyumba kwa nyumba na askari wawili. "Leteni kafi zote, waasi wasipate kuvuka."

Baba akamuambia, "Kapita, mutu wa maji bila kafi ni nini?"

"Ni mutu wa inchi kavu kama mimi. Leta!"

Akacheka, kweli alicheka. Kafi zetu tano zikafungiwa pamoja na za wengine katika depo ya muhogo. Funguo akapewa komanda wa askari.

Waasi walitokea asubuhi, upande wa pori, bukari ikiwa bado kwenye sahani. Askari ndio walikimbia wa kwanza, komanda na funguo mufukoni. Mulango wa depo ulikuwa wa chuma, ukatushinda. Tukashuka mutoni. Mutumbwi wetu ulikuwa mukavu ndani, hauvuji hata tone, juma lile lile tulikuwa tumeuziba. Tulipiga maji kwa mikono, mama kwa kifuniko cha sufuria. Ukazunguka tu, ukaturudisha ukingoni kwenye risasi. Baba akaruka ndani ya maji, akausukuma kwa kifua mpaka mukondo ukatubeba. Yeye hakupanda tena. Koko alimuita kwa Kibangubangu, jina la utoto wake, mpaka sauti ikaisha. Mimi nilikuwa na mikono miwili mitupu.

Kijiji kile leo ni majani matupu, ukipita hutajua kama watu walikaa pale. Wa kuchonga kafi wamekufa. Komanda, sikumuona tena. Kapita yuko, anazeeka vizuri, ana magazini, duka kubwa, kule Salamabila. Tukikutana ananiuliza habari ya watoto, na anangoja nijibu, watu wanatuangalia.

"Wako wazima, mukubwa," ndiyo ninamuambia.