Udi Uliorudishwa Jikoni

Vitunguu vikiyeyuka polepole kwenye siagi hutoa harufu tamu, tulivu. Leo ndiyo harufu ya mkahawa wangu hapa Qurum, na nitasema bila haya kwamba nimeujenga mwenyewe, baada ya miaka ya kusugua masufuria Ufaransa mpaka nikarudi na diploma ya upishi. Lakini harufu ile niliijua zamani, ningali na meno ya utoto, nyumbani kwa Bibi, Matrah.

Shangazi yangu Zuwena alikuwa akiipikia familia moja ya Kifaransa. Bibi hakuipenda kazi hiyo. Alisema inawapa watu la kusema. Shangazi akaomba jambo moja tu: atupikie Ijumaa moja chakula cha Kifaransa, cha halali, ndipo Bibi aamue kama aendelee au aache.

Ijumaa ilipofika, Shangazi tangu asubuhi alichemsha mifupa ya kuku kwa moto mdogo. Mahali pa mvinyo akatia maji ya zabibu na ndimu. Bibi alipita na kupita, akiuliza pilipili iko wapi, iliki iko wapi, na kuku gani huyo wa kupikwa asubuhi nzima.

Baada ya sala wakaja ami zangu kutoka Bawshar, funguo za magari mkononi, kama kila Ijumaa. Kwetu chakula chote huja pamoja, kwenye sinia moja. Shangazi akaleta supu ya vitunguu peke yake, na mkate. Ilikuwa tamu, lakini ilikuwa supu. Bibi akatazama bakuli tupu, akaamini karamu imekwisha, na kwa aibu akawasha udi. Nanyi mnajua desturi yetu: baada ya udi hakuna kukaa, mgeni huaga. Ami zangu wakafukiza kanzu zao, wakainuka.

Shangazi akatokea mlangoni na sufuria ya kuku, macho yamemjaa machozi.

"Mama, ile ilikuwa bismillahi tu."

"Bismillahi gani hiyo ya mkate mzima?" Bibi akauliza. Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona tena popote: akakibeba chetezo, akakirudisha jikoni. "Udi umeghairi. Kaeni."

Akaja kuku na mchuzi wake mzito, kisha saladi, kisha jibini, kisha tini. Kidogo kidogo, na baina ya sahani na sahani hapakuwa na kazi ila kuzungumza. Ami zangu wakakumbushana visa vya utoto wao, Bibi akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Adhana ya alasiri ikatukuta palepale.

Walipoondoka, Shangazi akauliza hukumu yake.

"Kuku wako hana pilipili," alisema Bibi. "Kazini nenda. Na Ijumaa ijayo nnataka tena."

Miaka mingi niliamini ni mchuzi uliomshinda Bibi, na darasani nilijivuna kuwa siri yake naijua: mifupa, moto mdogo, subira. Leo wanangu ni watu wazima, nao huja, hula, huondoka; ndipo nimeelewa. Bibi hakumwonja sana kuku yule. Alikuwa akiwatazama wanawe, ambao kila Ijumaa walimpa robo saa, na siku ile walimpa mchana mzima.