Nyumba ya Skola Si Dungu

Nilitoka Misunkumilo, hapa Mpanda, asubuhi nikiwa nimefura kwa hasira. Mdogo wangu Skola, aliyefiwa na mume huko Usevya, alikuwa amenipigia simu akilia. Shemeji yake Gervas amemwambia mpunga ukishavunwa ahame, eti pale anapokaa si nyumba, ni dungu tu la marehemu kaka yake.

Dungu! Nyie msioshika jembe niwaeleze: dungu ni jukwaa la miti shambani, mtu anapanda kuamia ndege wasile mpunga, na mavuno yakiisha linaachwa. Ndiko anakoishi mdogo wangu na watoto wake watatu?

Basi liliposimama Sitalike, abiria walishuka kunywa chai. Mimi chai isingepita. Ndani ya hifadhi ya wanyama tulifunga vioo kwa ajili ya mbung'o, na bado mmoja alipenya akaniuma shingoni. Nilimuua kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Saa saba nikafika Usevya. Dungu nililiona, ndiyo: liko bondeni katikati ya mpunga, miti minne na nyasi juu. Kando yake kuna kibanda wanacholala wakati wa palizi. Lakini Skola alinipokea huku juu, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati, ukuta umesiribwa kwa mikono yake.

Nyuma ya nyumba kuna kaburi la mumewe. Msibani sikufika, nilikuwa nimelazwa, ndiyo kwanza nalitazama.

"Mahali hapa alichagua nani?"

"Gervas, dada. Alisema kaka azikwe kwake."

Kwetu mtu akifia kibandani shambani hubebwa, hata kwa machela, akazikwe nyumbani. Gervas anajua hivyo kuliko mimi.

Jioni akaja mwenyewe, anacheka. "Karibu shemeji. Habari za Mpanda?"

"Mpanda hawajambo. Nasikia hili ni dungu."

"Sasa shemeji, si dungu tu hili la kaka?"

Nikamshika mkono mpaka nyuma. "Ukoo wenu mnazika watu kwenye madungu?"

Alitazama kaburi. Akakohoa, akainama, akaanza kung'oa majani yaliyoota juu yake. "Basi shemeji, yaishe. Akae."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Akamwambia, macho chini. Mkono wa suluhu sikumpa. Mtu aliyetaka kuwatoa nje watoto wa nduguye hapati mkono wangu kwa neno moja.

Kesho yake nilirudi Mpanda, na nilichojifunza ni hiki: anayetaka kukunyang'anya nyumba huanza kwa kuiita kitu kidogo. Ukinyamaza, umekubali.

Baada ya mavuno Skola alipiga simu. Nilisikia kuni zikilia motoni.

"Dada, lile dungu nimelibomoa. Ndilo napikia wali."

"Na Gervas?"

"Yupo hapa nyumbani kwangu, anasubiri kula."