Skrini Tuliyoipeleka Mbarara

Mama alinisimulia mara moja tu jinsi tulivyokimbia Kivu ya Kusini. Alisimulia kwa siku nne katika chumba cha nyuma cha kanisa letu pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akichambua maharage mapajani, nami nikiandika kwenye kompyuta ya kanisa kwa vidole viwili. Hatukutaka karatasi zikae nyumbani, maana majirani husoma. Jumatatu angehojiwa katika ofisi ya wakimbizi kuhusu habari hizo, na tulipanga kuzichapa kabla ya siku hiyo. Aliniambia, “Nimesema. Siwezi kurudilia.”

Jumatano nilipobonyeza kitufe, feni ilizunguka, taa ya kijani ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Mzee mmoja wa kanisa alikaza waya. Mwingine akaipiga kofi ubavuni. Baadaye waliomba, kisha wakakubaliana kwamba skrini ndiyo mgonjwa. Mimi pia niliamini hivyo. Maneno tulikuwa tumeyaona pale siku zote. Hata kitambaa cha kudarizi, akina mama walifunikia skrini peke yake, na sanduku la kompyuta lenyewe likakaa chini ya meza pamoja na ngoma za kwaya, likila vumbi.

Ijumaa Mama aliifunga skrini kwa kitenge, akaipakata safari nzima, nami kando yake, hadi mjini Mbarara. Fundi tuliyeelekezwa alikuwa na kibanda mtaa wa Kakoba, mtu aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke na kujifunza Kiswahili huko. Aliichomeka kwenye mashine yake. Picha ikatokea papo hapo.

“Mmeleta uso tu,” alisema. “Kichwa iko wapi?”

Waliokuwa wakingoja walicheka. Niliangalia sakafu. Mama hakucheka, aliuliza, “Na maneno yangu?”

Fundi aliacha kucheka. “Mama, maneno yako haiko hapa. Iko nyumbani, ndani ya ile sanduku. Usiogope.”

Akafungua mashine kuukuu, akanionyesha kibao chembamba cha kumbukumbu. Alisema vumbi likiingia kwenye meno yake, vile vipande vya kung'aa ukingoni, mashine inawaka lakini haitoi picha. Kwanza uchomoe waya wa umeme, kisha ukitoe, uyasugue meno kwa kifutio cha shule, ukirudishe mpaka vishikizo vya pande zote mbili vilie. Alinifanyisha hivyo mara tatu. Nilikuwa na maswali, nikaona haya kuuliza. Tulirudi na skrini yetu Jumamosi, tumechoka.

Jumapili baada ya ibada nilifungua sanduku. Ndani kulikuwa kwekundu kwa vumbi, kama barabara. Nikapuliza, nikasugua, nikarudisha, nikawasha. Nyeusi. Nikarudia. Nyeusi. Mchungaji alikaa kwenye benchi bila kunihimiza. Mara ya tatu niliona kishikizo kimoja hakijafunga, kwa sababu niliogopa kubonyeza kwa nguvu. Nikabonyeza mpaka kikalia, nikawasha, picha ikaja. Hakuna aliyeshangilia. Betri ya sola iliyoendesha kompyuta ilikuwa imeanza kuonyesha taa nyekundu, na mahojiano yalikuwa kesho yake; hapakuwa na muda wa kwenda kuchapa popote.

Ilibidi kunakili kwa mkono. Mchungaji akachukua kalamu, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi na mimi huandika kama mtu anayepanda mbegu moja moja.

“Hapana, Pasta,” Mama alisema. “Aandike yeye. Ni yeye nilimuambia.”

Mchungaji akanipa kalamu, akatoka nje. Niliandika bila kuinua kichwa. Vidole viliuma, mistari ikapinda. Nilikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa daftari kompyuta ilipozimika.

Mama akauliza nimefika wapi. Nikamwambia, “Pale mtoni, kabla ya kuvuka.”

Niligeuza ukurasa, nikashika kalamu tayari, nikidhani ataendelea kwa mdomo.

“Acha pale,” alisema. “Ya mbele wataniuliza wao kesho, kule ofisini.”

Akazichana zile karatasi daftarini, akazikunja mara mbili, akaziweka kwenye mkoba wake wa kanisani.