Kiko cha Alhamisi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mjomba wangu Felician Akonaay alifungua kisanduku cha bati, akatoa kiko kimoja, akakipangusa kwa kitambaa chenye samli kidogo na kukiweka dirishani. Jumatatu aliweka chenye nukta moja iliyochongwa chini, Jumanne chenye nukta mbili. Alhamisi alipangusa dirisha lenyewe na kuliacha tupu.

Yeye havuti. Moshi humkohoza.

Viko vilikuwa vya Renato, fundi Mwitalia aliyetengeneza mashine za kuvunia ngano kwenye shamba la serikali karibu na Gehandu, ambako mjomba alitunza stoo ya vipuri. Mzee mmoja wa kijiji cha Renato alivichonga kwa mkono kutoka kwenye mizizi migumu ya kichaka cha kwao, na hakuna viwili vilivyofanana. Renato alisema kiko kikivutwa hulowa ndani, kwa hiyo kipumzike wiki nzima. Ndiyo maana vilikuwa saba. Mjomba alifurahi kusikia kwamba hata mti hupewa likizo.

Siku ya kuondoka, Renato aliwagawia wafanyakazi saba, kila mmoja kimoja. Mjomba alipata cha Jumatatu. Wenzake walishukuru wakaondoka, lakini yeye ilimuuma kuona vimetawanyika. Alivitafuta kwa miaka kumi na mmoja. Kimoja alikibadilisha kwa jogoo. Kingine alikikuta Getanuwas kwa mfugaji Gidamis, aliyekuwa akikitumia kunywesha wanambuzi dawa. Vyote alivipaka samli, kama tunavyopaka vibuyu vya maziwa, hadi kisanduku kikanukia kama jikoni.

Nilipomaliza chuo kikuu mwaka 1989 nikarudi nyumbani, alikuwa navyo sita. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. La kulia lilikuwa limekwisha, na daktari alimwambia la kushoto halitafika mavuno yajayo.

"Nataka nivione vyote saba vimepangwa," aliniambia. "Mara moja tu."

Cha Alhamisi kilikuwa kwa Bibi Ludovika, aliyemfulia Renato nguo, na ambaye sasa aliishi kwao Maretadu. Mara mbili mjomba alimtumia ujumbe, mara mbili akakataa. Safari hii tulikwenda wenyewe. Tulipanda lori hadi Mbulu, tukamalizia kwa miguu, mimi nimebeba blanketi jipya la kubadilishana.

Tulimkuta ameketi kwenye gunia pembeni ya shamba lake la maharage, kiko kinywani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu." Akamgeukia mjomba. "Felician, umekuja mwenyewe. Wale uliowatuma waliogopa?"

"Walisema una maneno makali."

"Ninayo. Hivi vile sita unavivuta lini?"

"Sivuti, dada. Navitunza."

"Mwanamume mzima anapangusa viko kama bibi harusi anapangusa vikombe." Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaliangalia jicho la kulia la mjomba, na kicheko kikaisha. "Linaona?"

"Hilo hapana. Hili jingine kidogo."

Bibi Ludovika alikitoa kiko kinywani, akakifuta kwa upindo wa kanga na kumpa. "Basi chukua. Uone."

Mjomba alikipokea kwa mikono miwili. Ukingo ulikuwa umeungua ukawa mweusi. Mpini uliwahi kupasuka, ukafungwa kwa waya wa shaba. Kilikuwa hakijawahi kupumzika hata siku moja. Alipitisha kidole gumba chini yake taratibu, nukta ya kwanza hadi ya nne, akakisogeza karibu na jicho lake zima na kukitazama kwa muda mrefu. Kisha akaushika mkono wa bibi, akakirudisha kwenye kiganja chake na kukifumba.

"Lete blanketi," aliniambia. Akamwekea magotini.

Tuliaga. Mimi si mwepesi wa kuuliza. Lakini tulipokuwa Mbulu tunasubiri lori nilishindwa kujizuia.

"Mjomba, kwa nini hukukichukua?"

"Alikuwa hajamaliza kuvuta," alisema.